Msuko wa Kisogoni

Jioni ile msusi alikuwa na haraka ya kufunga saluni. Mama yake alikuwa amemwagiza maziwa na dawa ya macho, na mama yake hakuwa mtu wa kungojeshwa. Ukichelewa kidogo tu, habari zako zinakuwa zimeshafika kwa majirani kabla hujavua viatu. Basi akafagia nywele za siku nzima akazirundika pembeni, akakunja taulo, akachomoa waya wa kikaushio ukutani. Juu ya mlango palikuwa na maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: AKILI NI NYWELE, NJOO TUZISUKE. Wateja hawakuacha kuyacheka, na yeye hakuacha kujisifu.

Umeme ukakatika. Hilo halikuwa jipya. Mtaa mzima uliguna kwa pamoja, kisha kila mtu akaendelea na yake. Msusi akawasha taa ya chaji, akaiweka kwenye meza ya mafuta, akageuka kuchukua mkoba.

Kwenye kizingiti palikuwa na mtu.

Mwanamke. Alikuwa amejitanda mtandio mzito uliomfunika tangu utosini hadi midomoni. Hakupiga hodi wala hakusalimia. Alikuja na harufu, harufu ya nyumba iliyoungua zamani kisha ikanyeshewa mvua.

"Nimefunga, dada," msusi alisema. "Njoo kesho asubuhi."

"Nifumulie tu," mgeni alinong'ona. "Sitaki kusuka. Nifumulie."

"Kesho, mpenzi. Hata taa yenyewe hii haina maisha."

"Zinaniuma..."

Hapo ndipo mgeni alipompata. Msusi yeyote ana ugonjwa wake: ukimwambia msuko unauma, vidole vinamwasha kabla akili haijauliza bei. Akaweka mkoba chini, akavuta kiti cha wateja, kile kirefu chenye kuzunguka. Mgeni akakipita. Akaenda kuketi sakafuni, mbele ya kistuli kifupi, mgongo kwa msusi, akatulia.

Watu hawakai hivyo saluni. Hivyo hukaa mtoto nyumbani, kati ya magoti ya mama yake, siku ya kusukwa. Msusi alisita, kisha akajicheka moyoni. Kila mteja na vituko vyake. Akaketi kwenye kistuli, akayaweka mabega ya yule mwanamke katikati ya magoti, na baridi ikampenya kupitia gauni mpaka mifupani.

Mtandio ukateremka.

Nywele zilikuwa zimesukwa twende kilioni, ule msuko wa haraka ambao kila mama anaujua, mistari inatoka kwenye paji la uso na kurudi moja kwa moja nyuma. Zilikuwa fupi na laini, nywele za kitoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Kati ya mstari na mstari, ngozi ilikuwa na unga mweupe. Msusi akapitisha kidole akakileta puani.

Majivu.

"Nani alikusuka, dada?"

"Mama."

"Lini?"

Mgeni aliinamisha kichwa. Nje mtu alikuwa akiburuta kiti, mlango ukafungwa, kisha hata nje kukanyamaza.

Msusi akainamisha taa. Kazi ilikuwa safi, na jambo la ajabu ni kwamba aliijua. Kila msusi ana mkono wake, na aliyefundishwa naye hawezi kuusahau. Aliyemsuka huyu alianza kila mstari kwa kukunja unywele chini mara mbili, halafu ndipo akaongeza mwingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa akianza mama yake msusi, aliyekuwa msusi kabla yake na ndiye aliyemrithisha kazi. Woga ukampungua. Akafurahi hata.

"Kumbe wewe ni mtu wa mtaa wa zamani!"

"Ndiyo," mgeni alisema. "Wa mtaa wa zamani."

Mtaa wa zamani ulikuwa umeungua usiku mmoja, msusi akiwa mtoto ambaye hajaanza kung'oka meno. Waliosalimika walikuja huku wakapanga vyumba ukuta kwa ukuta, na kila jioni walikutana barazani kwa mama yake kuusimulia. Maji ya bomba la kule yalikuwa baridi kuliko ya barafu. Watu wa kule hawakugombana. Mkate wa kule ulikuwa mkate, si huu wa siku hizi unaojaa upepo. Tena walikuwa na sheria yao moja isiyoandikwa popote: hakuna kumkosoa mwenzio. Mmoja akisema ukuta ulikuwa wa kijani na mwingine akisema wa buluu, basi kuta zilikuwa mbili. Walicheka, wakafuta machozi, wakaongeza chai.

Lakini usiku wa moto waliusimulia kwa maneno mawili tu. Tukatoka, tukafika. Katikati ya hayo maneno hakuna aliyetia neno lingine.

Msusi aliupenda mtaa ule kupita kiasi. Hakuwa na mume. Aliyekuwapo alikwenda zake na hakuacha mtoto. Alichokuwa nacho duniani ni mama yake na zile kumbukumbu za utotoni, na alizijua vizuri kuliko mambo ya juzi. Watu wakimuuliza yeye ni nani, alijibu kwa kifua mbele: mtoto wa mtaa wa zamani, kifungua mimba wa msusi.

Akashika mstari wa kwanza, akaanza kuufumua kwa ncha ya chanuo, na mdomo nao ukafunguka.

"Mimi nakumbuka jikoni kwetu," alisema. "Bati lilikuwa na tundu, jua likiingia pale mchana..."

Nywele zikaachana. Majivu yakamwagika mapajani.

"Jua likiingia pale..."

Alijua kwamba palikuwa na jambo la kusema. Alikuwa amelisema mara nyingi barazani na watu wakapiga makofi. Sasa alipolitafuta alikuta mahali peupe.

"Linashuka mpaka kwenye sufuria," mgeni akamalizia polepole. "Duara dogo. Nilikuwa nalifunika kwa kiganja, linapanda juu ya mkono wangu. Mama anacheka."

"Nani... nani alikwambia hilo?"

"Fumua, dada."

Akataka kuinuka, lakini vidole vilikuwa vimeshashika mstari wa pili, na vidole vya msusi vikishaanza havina adabu. Mstari ukafunguka. Akaondokewa na mlango, ule mlango wao wenye ufa alimokuwa akichungulia wageni. Aliuona ukimtoka, kisha hakuujua tena. Hakukumbuka hata kwamba palikuwa na ufa.

Na mahali pake pakaingia kitu kingine.

Harufu ya pasi ya mkaa. Mvuke. Mwanamke mwenye pengo la mbele, amesimama mbele ya meza ndefu, anachovya vidole kwenye bakuli na kurushia nguo maji. Tone moja likamwangukia mtoto chini ya meza. Mwanamke akainama, akacheka na pengo lake, akamwita mtoto kwa jina.

Msusi hakuwahi kumwona mwanamke yule. Hata hivyo machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

"Huyu ni nani?" alinong'ona. "Dada, nimeona mtu. Huyu ni nani?"

"Fumua."

Akafumua. Alikuwa analia na kufumua. Kila mstari ulioachana ulimtoa kitu: kistuli chekundu, wimbo wa kuosha vyombo, mkono wa mama yake ukimpaka mafuta masikioni. Mgeni alivuta pumzi kila mara, pumzi ndefu ya mtu aliyerudishiwa chake. Na kila mara yule mwanamke wa pasi alisogea karibu zaidi. Sasa msusi aliijua harufu ya kwapa lake. Sasa alilijua jina aliloitwa chini ya meza ile.

Halikuwa jina lake.

Hapo akagundua jambo la pili. Magoti yake yalikuwa yanakaribiana. Mabega yaliyokuwa katikati yake, mabega ya mwanamke mzima, yalikuwa yamepungua. Shingo iliyokuwa chini ya mkono wake ilikuwa nyembamba, ya kushikika kwa vidole viwili. Miguu iliyonyoshwa sakafuni haikufika mbali.

Mtoto alikuwa amekaa kati ya magoti yake.

Ulibaki msuko mmoja tu, mdogo, uliofungwa fundo chini kabisa ya kisogo, na vidole vya msusi vilipougusa, mtoto akautoa mkono wake kwa upole.

"Huo uache," alisema. Sauti sasa ilikuwa ya kitoto kweli. "Huo atanifungulia mama."

Taa ikazimika.

Kisha... pa, pa, pa, pa. Nyayo ndogo zisizo na viatu zikavuka sakafu, zikateremka kizingiti, zikakimbia barabarani. Zilikuwa zinaelekea nyumbani. Zilikuwa zinaelekea kwa mama yake.

Msusi alitoka mguu niponye. Aliacha saluni wazi, akasahau mkoba, maziwa na kila kitu. Njiani alijikwaa, akaamka, akaendelea. Watu walikuwa barazani na mishumaa yao, mmoja akamtania, "Msusi, umekimbiwa na mteja?" Hakujibu. Alikuwa na wazo moja tu kichwani: mama asifungue. Mama, nakuomba, usifungue.

Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Mama yake hakuwahi kumfungia.

"Mama! Mama, ni mimi. Fungua!"

Mwanga wa mshumaa ulicheza chini ya mlango. Akasikia miguu ya mama yake ikijiburuta, ikasimama upande wa pili. Walitenganishwa na ubao tu.

"Usipige kelele, mwanangu," mama alisema taratibu. "Nina mgeni."

"Mama, huyo si mtu!"

"Najua."

"Unajua nini, mama? Ana majivu kichwani! Ana..."

"Nimenusa moshi kabla hajabisha," mama alisema. "Nimeunusa miaka yote hii. Nenda kakae hapo jirani kwa Mama Genge."

"Siendi popote. Fungua, mama."

"Huyu ni wangu," mama alisema, na sauti yake ikapasuka. "Nisamehe. Huyu ni wangu."

Miguu ikajiburuta kurudi ndani. Msusi akazunguka mbio hadi dirishani. Pazia lilikuwa limefungwa, na nondo za dirisha zilikuwa zile alizolipia mwenyewe ili mama alale salama. Akashika nondo, akaweka sikio. Alimsikia mama yake akiketi kwenye mkeka kwa kuguna kwa uzee, na kitu chepesi kikiketi mbele yake.

Halafu mama akaanza kusimulia. Alisimulia kama alivyozoea barazani, lakini safari hii alitia maneno katikati.

"Kesho yake mlikuwa mpigwe picha shuleni. Nikawasuka watoto wa kike wote wa uani, mmoja baada ya mwingine, twende kilioni, ili mpendeze sawasawa. Wewe tu nilikuwekea fundo kisogoni, kama siku zote, la kwangu na wewe. Usiku wakaja watu na madumu ya mafuta. Moshi, mwanangu. Sikuona hata mkono wangu. Watoto mlikuwa mmelala pamoja chumba cha mbele. Nikapapasa. Kichwa kikaja mkononi, vidole vikasikia kazi yangu, nikasema huyu hapa. Sikufika kisogoni. Ningefika kisogoni ningejua..."

Akatua kupumua.

"Nikavuta mkono, nikakimbia. Tukatoka kwa mlango wa chuma wa nyuma, sote, tukaufunga kwa mnyororo wasitufuate. Ndipo tukasikia kiganja."

"Changu," mtoto alisema.

"Kiganja kidogo kinapiga chuma. Wote tulikisikia. Hakuna aliyefungua. Na mimi... mimi nilikuwa na mtoto mkononi, nilimbana ubavuni, nikasema moyoni: maskini, mtoto wa watu."

Kule dirishani msusi alishika nondo kwa nguvu zote.

"Mpiga pasi, yule jirani yetu mwenye pengo, yeye alidhani ni wake. Akatuita tufungue. Hatukufungua. Akaparamia ukuta akarudi ndani. Nilimsikia akiita jina la mwanawe huku mwanawe niko naye mimi, nimemziba mdomo ili asilie tukakamatwa. Kulipopambazuka, juu ya lori lililotubeba, ndipo nilipoona uso."

"Alinifikia," mtoto alisema. "Alinishika. Akaniita kwa jina lisilo langu. Akaniangalia, akaona si mimi anayemtaka, akaniacha akaenda kutafuta. Bado anatafuta, mama."

Mama alilia kilio cha chini, cha mtu aliyelia jambo lilelile mpaka likaisha machozi.

"Na yule wa lori mlimfanyaje?" mtoto akauliza.

"Usiku wa pili alikuwa anataja jina lake mfululizo na kumtaka mama yake. Tungemweleza nini? Tungesema tulifunga mlango? Bibi wa dawa alikuwa pamoja nasi. Akasema mtoto aliye hai ni mtoto. Akatukalisha duara tukamweka katikati. Kila mwanamke akashika msuko mmoja, akanong'ona ndani yake jambo lako moja, akaukaza. Mama Genge alimpa mlango wenye ufa. Mimi nilimpa jua la jikoni. Tulirudia mpaka asubuhi. Alipoamka akaniita mama, tukapiga vigelegele. Tukaapa hakuna kukosoana. Na kila jioni tukamwongezea, mpaka hata sisi tukasahau ni wapi tulipomshona."

Basi hivyo. Kama ni uchawi, ndio huo; na kama si uchawi, basi mimi sijui uchawi ni nini. Kuna watu wanaofuga nyoka, kuna watu wanaofuga paka, na kuna mtaa mzima uliofuga mtoto ndani ya hadithi kwa sababu ukweli wake ulikuwa na kiganja kinachobisha.

"Na mimi?" mtoto aliuliza. "Mlipompa yeye kila kitu changu, mimi mliniachia nini?"

"Hiki," mama alisema. "Kisogo hiki. Njoo. Lala hapa, kifungua mimba wangu."

Msusi alirudi mlangoni mbio. Akaupiga. Aliupiga kwa kiganja, maana hakuwa na kingine, akaupiga mpaka ngozi ikamwaka moto. "Mama! Usiufungue! Mama, mimi je? Umenilea! Kuzaa si kazi, mama, wewe mwenyewe unasema, kazi ni kulea! Mama!"

Ndani fundo lilikuwa linafunguliwa. Alilisikia. Mtu asiye msusi hawezi kusikia fundo la nywele likiachia, lakini yeye alilisikia.

Halafu mama yake akasema, kwa sauti nyororo ya mwanamke kijana, sauti ya mtu anayesikia kelele za mbali zisizomhusu:

"Maskini. Mtoto wa watu."

Mshumaa ukazimika.

Majirani waliuvunja mlango kwa mchi. Waliingia na mishumaa yao na hofu zao, Mama Genge mbele, huyu mwuza mboga ambaye barazani ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. Hapakuwa na moshi wala majivu. Mama alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mikono yake imekumbatia hewa, uso wake umetulia kuliko ulivyowahi kutulia.

Nywele zake nyeupe, ambazo msusi alizichana na kuziacha huru asubuhi ileile, zilikuwa zimesukwa. Twende kilioni. Mistari ilikuwa imepinda, mmoja mnene mwingine mwembamba, kazi ya mtu anayejifunza. Kazi ya mkono mdogo.

Mama Genge aliinama na mshumaa. Alizitazama nywele zile kwa muda mrefu, na nta ikamwagikia vidole. Akamwinulia msusi macho. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Nyuma yao watu walikuwa wamejaa mlangoni, wale wazee wote wa mtaa wa zamani, wanangoja kuambiwa wameona nini.

"Umempendezesha mama yako, mwanangu," Mama Genge alisema. "Ulimsuka leo?"

Msusi alikuwa na maneno mdomoni. Alikuwa nayo yote, ya mnyororo, ya lori, ya kiganja. Angeyasema, wale wazee wangeanguka mmoja mmoja pale kizingitini, na yeye angebaki bila mama, bila mtaa na bila mtu wa kumwita kwa jina lolote. Aliogopa. Hilo tusimlaumu, maana hata mimi na wewe tungeogopa.

"Ndiyo," alisema. "Nilimsuka asubuhi."

Watu wakashusha pumzi, wote kwa pamoja.

Wakazika. Maisha yakarudi, saluni ikafunguliwa. Jioni wazee bado wanakutana barazani pale, na msusi ndiye anayewatilia chai siku hizi. Wakisema kuhusu tundu la bati, anaitikia kwa kichwa. Wakisema kuhusu mlango, anacheka wanapocheka. Ndani yake hamna bati wala mlango. Mna mvuke wa pasi, meza ndefu, na mwanamke mwenye pengo. Hayo hawezi kuyataja kwa mtu yeyote. Wakimwita kwa jina la yule mtoto aliyeungua anaitika, na kila akiitika anahisi anamwibia mtu mara ya pili.

Hilo angeweza kulizoea. Binadamu huzoea.

Lakini tangu arobaini ya mama ipite, giza likianza kuingia, anasikia sauti. Mara ya kwanza ilikuwa mbali, huko barabara kuu inakoanzia mtaa. Sauti ya mwanamke aliyechoka, iliyopasuka kwa kuita. Inaita jina moja, inanyamaza kidogo kusikiliza, kisha inasogea mlango wa pili. Wengine barazani hawaisikii, au wanasema hawaisikii. Mama Genge huwa anaomba sukari na kuongea kwa sauti kubwa. Jina lenyewe halitajwi na mtu mtaani hapa. Ni jina la mtoto aliyekuwa akikaa chini ya meza ya kupigia pasi.

Kila jioni inakuwa karibu zaidi, na pamoja nayo inakuja harufu ya nguo zinazoungua. Juzi ilikuwa kwa fundi viatu. Jana iliita kwenye dirisha la jirani, ikangoja, na msusi alijifungia chumbani kwake akajaza mdomo kitambaa na kuuma mpaka taya likamuuma. Hakuogopa kwamba ataingia. Yule mwanamke hajui mlango. Angepita, angeendelea na mitaa mingine, angetafuta mpaka mwisho wa dunia.

Anaogopa ulimi wake mwenyewe. Maana anajua mwanamke huyu alivyokuwa kabla ya kuungua, na hajui amekuwaje sasa. Lakini sauti ile inapotaja jina, kitu ndani ya kifua chake, kitoto kidogo kilichozibwa mdomo siku nyingi, kinajinyanyua chenyewe na kutaka kusema: "Abee, mama. Niko huku."